Neno Lisilokwenda Vitani

Ndege ya Machano haikutua. Hilo lijueni mapema, msije mkaniambia huko mbele kwamba niliwaficha. Vita viliisha. Amani ilitiwa saini na watu waliokuwa wamekaa vitini muda wote wa vita, bendera zikashushwa, nyingine zikapandishwa, wafu wakaliliwa kisha wakaachiwa Mungu, na ndege ya Machano ikabaki juu. Kila alasiri ilikuja, ikauzunguka mji, ikapotelea nyuma ya milima, na kesho yake ikarudi. Najua mtauliza ilikuwa inakula mafuta gani. Ala! Nyinyi mnaojua kila kitu kinakula nini, nielezeni kwanza kumbukumbu inakula nini, ndipo tuzungumze habari za mafuta.

Watu wa mji walikwisha kuizoea. Mazungumzo yao ya alasiri yalikuwa na kituo katikati. Mtu anaanza, "Basi nikamwambia yule mwanamke," ngurumo inakuja, anafunga mdomo, vikombe vinatetemeka kidogo kwenye visahani, ngurumo inapita, naye anaendelea palepale, "arudishe sufuria yangu." Watoto waliozaliwa humo walidhani dunia yote iko hivyo. Kuna mmoja alikwenda kuoa mji wa mbali, akarudi analalamika kwamba wakwe zake wanaongea mfululizo, hawana adabu ya kunyamaza.

Asiyeizoea alikuwa mmoja tu, naye ni Bi Mashavu, mkewe Machano. Alikaa juu ya mnara wa kuongozea ndege, pembezoni mwa mji, katika chumba kilekile alichofanyia kazi wakati wa vita, akiwa na redio ileile. Zamani sauti yake ndiyo iliyoongoza kikosi kizima. Siku hizi redio ilikuwa na kigugumizi, ilimeza mwanzo wa maneno ikatema mwisho. Madirisha yalitazama uwanja wa ndege, na uwanjani watu walianika mpunga. Hakuna aliyemnyang'anya mnara ule kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Ngazi zake zilikuwa na tabia mbaya, wakati haukutulia humo. Mtu akianza kupanda leo aliweza kufika juu jana. Tarishi mmoja alipanda akiwa kijana, akashuka na mvi, akaapa kwamba huko hapeleki kitu tena.

Alasiri ninayowasimulia, ngurumo ilikuja kama ilivyo ada, ila ndani yake mlikuwa na kikohozi. Injini ya kushoto. Mashavu aliweka kikombe chini. Redio ikakwaruza, kisha sauti ya mumewe, sauti ya kijana, haijazeeka hata kidogo, ikasema lile lile inalosema kila siku.

"Hodi."

Mashavu hakujibu. Hajajibu kwa miaka mingi. Alikaa mikono mapajani, midomo ameibana kama fundi cherehani aliyeshika pini kwa meno, mpaka ngurumo ikapita. Na msimhukumu haraka, maana kunyamaza kule ndiko kulikuwa kupenda kwake, na kulimgharimu kuliko makelele ya wengi wetu.

Mlango ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa Shamte, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo wa kikosi, mtu mwenye mguu mmoja uliopondwa na toroli la mabomu na ulimi ambao hakuna toroli lililouweza.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia."

"Ile ni ya kushoto. Nilimwambia fundi, ile ya kushoto ina pumu, hakunisikiliza."

"Ulimwambia lini?"

"Juzi." Shamte akafikiri kidogo, akajicheka. "Loh! Juzi ya wakati wa vita."

"Na wewe unahema kuliko hiyo injini."

"Mimi nina haki. Nimepanda ngazi zinazozaana." Akajitupa kwenye kiti, akanyoosha mguu, na mzaha ukamtoka usoni. "Shemeji, hodi ni mara tatu. Kila siku hubisha mara tatu, hajibiwi, anakwenda zake kwa heshima. Leo hana pa kwenda. Mzunguko wa tatu ukiisha, ile injini inakata. Atatuangukia hapa hapa, yeye na mzigo wake. Nilioupakia mimi. Naujua uzito wake."

Mashavu alitazama chini. Mji ulikuwa umeenea hadi ukingoni mwa uwanja, paa kwa paa, nguo zimeanikwa, moshi wa vitumbua unapanda. Watu wale wote hawakujua kwamba kikohozi kile kilikuwa chao.

Kikosi chenyewe kiliitwa cha Wastani. Nawaomba mlishike jina hilo, lina mambo. Jeshi la Huku lilikuwa na ndege kubwa zilizoruka juu mno, hata waliomo hawakuona kitu isipokuwa mawingu na ukubwa wao wenyewe. Lilikuwa na ndege ndogo pia, zilizopita chini zikikata matawi ya miti, na waliomo walisikia hadi mbwa wakibweka. Katikati ndipo walipokuwa Wastani, injini mbili, rubani mmoja, tumbo la kubebea mzigo usio mkubwa wala mdogo. Na huko katikati, alikuwa akisema Machano, ndiko mahali pabaya kuliko pote alipopata kuumbiwa mwanadamu, kwa sababu mtu anaona kila kitu na hasikii chochote. Anaona shuka limeanikwa. Anaona mtu amesimama uani, amefunika jua kwa kiganja, anatazama juu. Anaona mdomo wa yule mtu unafunguka. Basi. Alichosema hakifiki. Jiwe halioni wala halisikii, nalo halina lawama. Mungu anaona na anasikia, na hukumu ni yake. Sasa huyu anayeona asiyesikia, aliuliza Machano huku anachovya mkate kwenye chai, huyu tumwite nani? Wenzake wakamjibu kwamba tumwite rubani, na amalize chai yake wenzake wapate kikombe. Wakacheka. Swali likabaki mezani pamoja na makombo.

Lakini siku zilikuwa tamu, tusidanganyane. Asemaye kwamba vita ni uchungu mtupu hajawahi kuwa kijana ndani yake. Mashavu aliyakumbuka mapambazuko ya uwanja ule, wapakiaji wakisukuma toroli kwa wimbo, Shamte akianzisha kwa sauti yake ya kukwaruza na wengine wakipokea, mzigo ukipanda tumboni mwa ndege kwa mnyororo huku wimbo ukienda taratibu, maana ulitungwa uende kwa mwendo wa mnyororo. Aliyakumbuka mabawa yaliyochorwa macho, eti ndege isipotee. Alikumbuka harufu ya mafuta na uji wa tangawizi, na namna marubani walivyotembea kwenda ndegeni wakibishana habari za mpira. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumtania, na kila mtani alikuwa hai. Angepewa achague siku moja ya kuirudia, Mungu amsamehe, angechagua mojawapo ya zile.

"Unakumbuka tulivyocheka siku ya maneno?" akauliza Shamte, kana kwamba alikuwa amekaa ndani ya kichwa chake.

Alikumbuka. Jeshi la Kule lilikuwa linanasa mazungumzo ya redio, na kila safari ya kikosi ikajulikana kabla haijafika. Mkubwa wa kikosi, ambaye jina lake lililiwa na mchwa pamoja na kibao lilikoandikwa, akawakusanya akasema, "Semeni ya nyumbani. Nani atayashuku maneno ya nyumbani?" Basi wakayaandikisha maneno ya nyumbani jeshini kama walivyoandikwa vijana, bila kuyauliza. Bomu likawa mzigo. Mizinga ya kutungulia ndege ikawa chai, na chai ikiwa ya moto ujue leo kuna kazi. Ndege ikifika juu ya mahali palipokusudiwa, rubani anasema "Hodi." Njia ikiwa safi, Mashavu anajibu "Karibu." Kisha anamwambia "Tua," na mzigo unaachiwa. Siku ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Hodi! Karibu! Tua mzigo, mgeni wetu! Na kulikuwa na sharti moja: neno lolote lisilo la nyumbani ni la adui, rubani asilisikilize. Kuhusu kurudi hawakutunga neno. Kurudi kulifanywa kimya kimya, redio imezimwa, rubani anaitazama bendera ya Huku juu ya mnara, akiiona anashuka.

Mnaona walipokosea? Walitunga maneno ya kwenda tu.

Vita vilipoisha, Machano alikuwa safarini na mzigo wake. Amani nayo ikasogeza mipaka, Huku ikawa ndani ya Kule, watu wakachanganyikana, wakaoana, wakauziana vitumbua, na bendera ya Kule ikapandishwa juu ya mnara. Machano akarudi, akaiona bendera ya adui imesimama nyumbani kwake. Angefanya nini? Akapiga hodi. Siku za mwanzo Mashavu alimwambia kwa maneno ya kawaida kwamba vita vimekwisha, ndege ikapanda juu zaidi, maana hilo ndilo neno la kwanza la kila mtego. Tangu hapo akanyamaza. Akisema "Karibu, tua" kama mke, Machano atasikia kama rubani, na mji utapokea mzigo. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta neno moja tu ambalo halikwenda vitani. Alipitia ya jikoni, ya kitandani, ya msibani. Yote yalirudi na kovu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wao kisima chao walikichimba kwa ulimi.

Ngurumo ikarudi kutoka milimani, inakohoa vibaya sasa. Na redio, kabla ya neno lake, ikaanza kutapika vipande.

"...a moto leo, wallahi... naona mashuka... nani anakaa pale, nani ameanika... mama yule ananitazama, anasema nini?... uji umebaki?... macho ya bawa yamefutika na mvua... naona mnara, naona dirisha... mtu dirishani, si yeye, yule ni mzee..."

"Hodi," ikasema sauti, mara ya pili.

Mashavu alirudi nyuma kutoka dirishani kama aliyechomwa.

Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia Ngwali, mwenyekiti wa mtaa, anatweta, kofia mkononi. Huyu ni mzaliwa wa Kule, wakati wa vita alikuwa mtoto wa kushikwa mkono, na kwa Bi Mashavu hakuwahi kukosa adabu.

"Shikamoo, mama. Ile ndege inakufa! Watu wameanza kukimbia na hawajui wakimbilie wapi. Uwanja upo, mpunga tutautoa. Mwambie atue!"

"Siwezi, mwanangu."

"Huwezi vipi? Neno moja tu! Atue!" Na kwa haraka yake, hakuwa na nia mbaya masikini, alikinyakua kipaza sauti cha redio mezani akakipeleka mdomoni. "Wewe rubani! T—"

Shamte hakuinuka kitini, alianguka kutoka kitini. Mguu wake mbovu na ule mzima kwa pamoja ilimpiga Ngwali magotini, wote wawili wakaenda chini, na kiganja cha Shamte, kile kipana cha kusukuma mizigo, kikamfunika mwenyekiti mdomo na pua.

"Ukimaliza hilo neno," akamwambia sikioni, "mtaa wako umekwisha."

Walikaa sakafuni wakihema. Ikabidi mtu amweleze. Mashavu alimweleza, amesimama, macho yake yakiwa juu ya redio. Alimwambia habari za hodi, na karibu, na tua. Hakujaribu kuzipamba. Ngwali alisikiliza hadi mwisho, na alipoanza kusema alisema polepole.

"Nyumba yetu ilikuwa karibu na daraja. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele. Kabla mzigo haujafika, upepo wake unakuja kwanza, unagonga mlango. Mama hakujua. Alidhani mtu anabisha." Akageuza kofia yake mikononi. "Akaitikia, karibu. Ndilo neno lake la mwisho. Mimi nilikuwa chooni uani, nikalisikia. Nikajua tuna mgeni, nikafurahi."

Mashavu akashika meza. Neno lile siku ile lilisemwa mahali pawili kwa wakati mmoja, katika nyumba ya daraja na katika chumba hiki, kwa sauti mbili za wanawake, na lilikuwa neno lile lile. Alitaka kusema kitu. Pole? Pole nayo ilikwenda vitani, ilikuwa ndiyo ishara ya mafuta kupungua.

"Ngwali mwanangu," akasema.

"Mtafutie neno lingine, mama," akasema Ngwali bila kumtazama. "Sisi hapa chini tunakufa."

Mashavu alitoka nje kwenye ngazi. Hakuwa anakwenda popote, alitaka hewa tu. Alishuka vidato vichache, akasimama, maana chini yake palikuwa na mtu anapanda. Msichana, debe la maji kichwani, mkono mmoja umelishika, shingo imekazwa, anapanda ngazi za mnara kwa hasira kwa sababu mpishi wa juu ni mvivu. Chini ya debe ameweka ngata ya kanga kuukuu, nyekundu, aliyoisokota mwenyewe asubuhi. Mashavu aliitambua ngata kabla hajamtambua msichana. Ilikuwa yake. Na msichana alikuwa yeye.

Nyuma ya msichana akatokea rubani mpya, sare bado ina mikunjo ya sandukuni.

"Dada," akasema rubani, "nikutue?"

Msichana hakugeuka. "Hunijui, utanituaje?"

"Mzigo haujui ukoo. Nikutue."

"Haya, nitue basi, tuone hiyo mikono ya kushikia usukani."

Akamtua. Yaani alijaribu. Debe likampiga kifuani, maji yote yakamwagika juu ya sare mpya, na msichana akacheka hadi akakaa chini kwenye kidato, na rubani, amelowa chapa, akaokota ngata iliyoanguka, akaikamua, akaiweka mfukoni. "Hii naondoka nayo," akasema. "Ukiitaka, njoo uidai." Aliruka nayo safari zake zote. Hata walipooana hakuirudisha.

Mashavu mzee alisimama palepale, mkono umeshika ukuta. Nikutue. Mama yangu! Miaka yote aliyakung'uta maneno kama mchele kwenye ungo, na hili limelala ndani ya lile baya kuliko yote. Jeshi lilichukua *tua*. Lilikichukua kitenzi peke yake, kikavu, hakina mtu ndani, kwa kuwa amri haitaki kujua nani anamtua nani. Likaacha nyuma vile viherufi vidogo vya mwanzo visivyofaa vitani, *ni* na *ku*, mimi na wewe. Mzigo ukitua bila mimi na wewe, unaua. Mimi nikikutua wewe, unakwenda chini taratibu, mikono minne imeushika. Neno ni lile lile, lakini hili lina watu.

Akapanda mbio, yeye wa magoti yale, na ngazi kwa mara ya kwanza zikawa chache.

"Nimelipata," akasema, na akawaambia.

Shamte aliingiwa na furaha, kisha furaha ikamganda usoni. "Shemeji, redio hii inameza mwanzo wa maneno. Ukisema nikutue, na ikameza..."

Hakumaliza. Wote watatu walisikia kitakachobaki.

Ngurumo ya tatu ilikuwa inakuja. Haikuwa ngurumo tena, ilikuwa kikohozi, kimya, kikohozi, kimya. Kule chini mtu alikuwa analia akiita watoto kwa majina. Mashavu alimtazama Ngwali. Mtaa ulikuwa wake, mama alikuwa wake, na hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumwomba ruhusa.

Ngwali akasema, "Sema, mama. Sema polepole."

"Hodi," ikasema redio, na safari hii sauti ilikuwa imechoka.

Mashavu aliinama hadi midomo yake ikagusa chuma. Hakusema kama mnara. Alisema kama msichana mwenye debe.

"Machano. Njoo nikutue."

Kwaruzo. Kikohozi. Kimya. Shamte alifumba macho na midomo yake ikawa inasoma kitu. Ngwali hakufumba, alitazama tumbo la ndege lililokuwa limefika juu ya paa za mtaa wake, akaona milango yake imefungwa, bado imefungwa.

Kisha redio ikacheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyelowa maji.

"Hunijui," ikasema, "utanituaje?"

Mashavu alilia hapo, kwa sauti, bila haya, huku anasema ndani ya kilio kwamba mzigo haujui ukoo, mzigo haujui ukoo, na ndege ikaugeuza mdomo wake kuelekea uwanjani.

Watu walivuta mikeka ya mpunga kwa mikono na kwa meno. Mpunga mwingine ulibaki. Ndege ikagusa ardhi, ikaruka kidogo kama iliyosahau, ikagusa tena, ikapita juu ya mpunga uliobaki ukaruka pande zote, injini ikatoa kikohozi cha mwisho ikanyamaza katikati ya uwanja. Mashavu alikuwa amekwisha kushuka zile ngazi, na sitaki mniulize zilimshusha kupitia miaka gani.

Mlango wa ndege ukafunguka. Machano akatoka, kijana, sare imefifia, na kichwani, badala ya kofia, ameweka ngata nyekundu. Alisimama akiutazama umati. Alikuwa anamtafuta Mashavu, na alikuwa anamtafuta miongoni mwa wasichana. Macho yake yalimpita mkewe mara moja, yakampita mara ya pili. Hilo, jamani, liliuma kuliko miaka yote.

Mashavu akasogea hadi mbele yake.

"Nikutue?" akasema.

Machano alimtazama muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa na shingo, kama anavyoinama mtu mwenye debe mbele ya mwenzake. Mashavu akainua mikono yote miwili akaishika ile ngata, kitambaa tu, kuukuu, na ilipomjia mikononi ilikuwa nzito hadi viwiko vyake vilishuka. Chini ya ngata nywele za Machano zilikuwa nyeupe. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa mzee, na alikuwa mumewe.

"Nilibisha hodi," akasema.

"Nilisikia."

"Kila siku nilibisha."

"Kila siku nilisikia, mume wangu. Ndiyo sababu bado kuna watu hapa."

Machano akageuza kichwa. Injini ilikuwa imenyamaza, na mji, uliokuwa umezuia pumzi, ukaanza kuitoa. Mtoto alilia. Mtu alimwita mwenzake aje auone mpunga wake ulivyoharibika. Mwanamke alicheka kwa woga uliomtoka. Mzee yule aliyeona kila kitu toka juu na kamwe asisikie alisimama akisikiliza, mdomo wazi, machozi yanashuka.

"Kumbe wana sauti," akasema.

Shamte alichomoza chini ya tumbo la ndege, anajipangusa mikono. "Mzigo upo," akatangaza. "Nilivyoufunga ndivyo ulivyo." Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanamtazama Ngwali, aliyekuwa amesimama ukingoni, pale uwanja unapoishia na mtaa unapoanza, kofia yake bado mkononi.

Machano alimfuata kwa mwendo wa mtu aliyesahau kutembea, Mashavu akiwa ubavuni. Alipofika ukingoni akasimama. Hakujua yule ni nani. Aliona tu mtu amesimama mlangoni pa mji, na mtu akisimama mlangoni kuna neno moja tu analostahili kuambiwa. Machano alilisema kwa sauti ndogo, bila redio, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

"Hodi."

Ngwali alifungua mdomo, neno likamkwama. Mji mzima ulikuwa umenyamaza, kama ulivyozoea kunyamaza saa hizo.

"Karibu," akasema Ngwali, na halikutoka kwa furaha, nisiwadanganye. Lilimtoka kwa sauti ya mama yake. Akasogea pembeni, akaacha njia. "Karibu, baba. Pita ndani."